Kadi ya mkopo ya kwanza: pima ipi itakukubali kabla hujajaza fomu

Mwalimu wa Tukuyu mwenye mshahara wa laki tisa anaweza kupewa kadi ya mkopo, na benki hiyohiyo ikamkatalia mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga anayeshika milioni kumi kwa mwezi. Hapo hakuna upendeleo. Afisa mikopo anatafuta jibu la swali moja: hela ya kurejesha itatoka wapi, na je, benki itaifikia kabla haijaenda kwingine? Mshahara wa mwalimu unapita mikononi mwa benki kila mwezi. Hela ya mbao inapita kwenye begi, kwenye simu ya shemeji na kwenye lipa namba tatu tofauti.

Ndiyo maana anayezunguka Mwanjelwa au Miomboni akiuliza "kadi ya benki gani ni rahisi?" hupata majibu yanayogongana, na kila aliyemjibu anasema kweli kwa upande wake. Kadi iliyo rahisi kwako ni ya benki ambayo tayari inaiona pesa yako. Ukishika hilo, unaweza kuzipanga kadi za mwanzo kwa ngazi. Ya chini kabisa, inayofikiwa na karibu kila mtu, ni kadi inayolindwa na amana yako mwenyewe, yaani pesa unayoifungia benki iwe dhamana. Juu yake ni kadi ya mfanyakazi ambaye mshahara wake unapitia benki hiyo. Kisha kadi ya mfanyabiashara mwenye mzunguko unaoonekana kwenye akaunti. Ngumu kuliko zote ni kadi unayoiomba kwa benki isiyokujua, bila amana, kwa maelezo matupu.

Kwanza, hakikisha ni kadi ya mkopo unayoitaka

Kadi unayotolea hela kwenye ATM, hata ikiwa na nembo ya Visa au Mastercard, kwa kawaida ni kadi ya akaunti: inatumia pesa yako, ikiisha inagoma. Kadi ya mkopo inatumia pesa ya benki hadi kikomo ulichopangiwa, halafu unalipa baadaye. Kama shida yako ni kulipia tangazo mtandaoni, tiketi ya ndege ya Songwe au programu ya simu, kadi ya akaunti iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni inatosha. Kadi ya kidijitali ya Visa iliyo ndani ya M-Pesa pia inatosha, maana unaiwekea hela kwanza ndipo ulipe, na hakuna anayekupima.

Kadi ya mkopo ina maana pale unapohitaji nafasi ya siku kadhaa kati ya kulipa na kupokea. Mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni Ruaha hununua mafuta ya gari leo na kulipwa na mteja safari ikiisha. Hoteli nyingi za nje pia huzuia kiasi fulani kwenye kadi ya mgeni, na kadi ya kuwekea hela hugomewa mara kwa mara kwenye jambo hilo. Lakini kama unatafuta mtaji wa miezi sita au ada ya shule, kadi ya mkopo ni njia ghali. Nenda SACCOS.

Hatua ya 1: jina lako liwe moja kila mahali

Maombi mengi hukwama hapa kabla hata mshahara haujaangaliwa. Chukua karatasi, andika jina lako kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi. Chini yake andika lilivyo kwenye akaunti ya benki, slipu ya mshahara, cheti cha TIN na usajili wa laini ya simu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini majina yanasumbua: Tusajigwe anakuwa Tusajigwa, jina la babu linarukwa, au jina la ukoo linaandikwa mwanzo kwenye karatasi moja na mwisho kwenye nyingine. Mfumo wa benki unalinganisha na NIDA. Ukikuta tofauti, ombi linasimama na hupewi taarifa hadi uulize.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na inatosha hata kama kadi yenyewe haijatoka. Tofauti ya herufi moja mara nyingi hurekebishwa tawini kwa kujaza fomu ya kusahihisha taarifa za mteja. Jina zima likiwa tofauti, utahitaji kiapo cha wakili au hakimu, na ni bora ukishughulikie kabla ya kuomba. Kwa laini ya simu, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba unayotumia ni ya mume, kaka au rafiki, sajili yako, kwa sababu namba za siri za kuthibitisha malipo ya kadi zitatumwa kwenye laini hiyo.

Uthibitisho wa makazi ni barua ya ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Iwe na muhuri, tarehe ya karibuni, na jina lile lile la NIDA. Barua iliyokaa mwaka kwenye droo hurudishwa.

Hatua ya 2: jua rekodi yako inasemaje

Benki inayokufikiria kwa mkopo huangalia taarifa zako kwenye kanzidata ya wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Zinapatikana kupitia kampuni zenye leseni ya kuchakata taarifa za wakopaji, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet. Humo kuna mikopo yako ya benki, na mingine midogo ambayo watu hawaihesabu kuwa ni mkopo: ile ya simu. Elfu 15 ya Songesha au M-Pawa iliyoachwa kwenye laini uliyoitupa inaweza kuonekana kama deni lisilolipwa. Kwa afisa mikopo, elfu 15 iliyotelekezwa inaogopesha kuliko milioni 2 inayolipwa kwa wakati, kwa sababu inaonyesha tabia.

Omba taarifa yako mwenyewe. Una haki ya kuiona na kupinga kosa lililomo. Soma mambo matatu. La kwanza, kila mkopo uliomaliza kulipa uonekane umefungwa. Kama bado uko wazi, rudi kwa aliyekukopesha, omba barua ya kumaliza deni na umtake apeleke marekebisho. La pili, angalia siku za kuchelewa. Deni likipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na hapo kadi bila amana usahau kwa muda. La tatu, hesabu benki zilizochungulia rekodi yako miezi ya karibuni. Ukiomba kadi kwa benki nne ndani ya wiki mbili, ya nne itaona benki tatu zilizotangulia na itadhani unatapatapa. Omba moja, subiri jibu.

Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa ya mtaani, mara nyingi haionekani kwenye rekodi, lakini inaonekana kwenye akaunti: hela inaingia Ijumaa, inatoka Jumatatu, salio linarudi sifuri. Wapo pia wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za aina hiyo. Kama una deni huko, limalize kwanza. Kadi ya mkopo iliyochukuliwa kuzima kausha damu inageuka deni la pili juu ya la kwanza.

Hatua ya 3: mfanyakazi, pima nafasi kwenye mshahara

Kwa mtumishi wa umma, utaratibu unataka makato yote yakitoka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Usingoje afisa akuhesabie. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa 900,000, mwanachama wa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu:

PSSSF 5%: 45,000
Kodi ya mapato: 855,000 zinazobaki ziko kwenye daraja la 760,000 hadi 1,000,000, yaani 68,000 na 25% ya kinachozidi 760,000. Jumla 91,750
Bima ya afya NHIF 3%: 27,000
Bodi ya mikopo ya elimu ya juu 15%: 135,000
Chama cha wafanyakazi 2%: 18,000

Makato ni 316,750. Anabaki na 583,250. Theluthi ya 900,000 ni 300,000, kwa hiyo nafasi iliyopo ni 283,250 kwa mwezi. Akiwa tayari na mkopo wa benki unaokatwa 200,000, nafasi inabaki 83,250 tu.

Sasa geuza nafasi hiyo kuwa kikomo. Tuseme benki inadai malipo ya chini ya 10% ya deni kila mwezi. Kadi yenye kikomo cha 500,000 ikitumika yote ina malipo ya chini ya 50,000 pamoja na riba, na mwenye nafasi ya 83,250 anaibeba. Kadi ya 1,000,000 inadai 100,000, inamzidi. Kosa la kawaida ni kuandika kwenye fomu kikomo kikubwa ukidhani benki itapunguza yenyewe. Wengine hupunguza, wengine hukataa ombi zima. Andika kile ambacho hesabu yako inabeba.

Ajira nayo ina masharti yake. Mtumishi mpya aliye kwenye kipindi cha majaribio atakuwa na nguvu zaidi akiwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Wa sekta binafsi ataulizwa mkataba: ukibakiza miezi minne, hakuna benki itakayokupa kadi ya miaka mitatu kwa mshahara huo pekee. Subiri usaini mkataba mpya ndipo uombe. Na kama mshahara wako unapitia benki A, anza benki A, hata kama tangazo la benki B linapendeza zaidi. Benki B itataka uhamishe mshahara kwanza, na kuhamisha mshahara wenye mkopo unaoendelea ni safari ndefu.

Hatua ya 4: mfanyabiashara na mkulima, tengeneza akaunti inayosomeka

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini tunapoumia. Mkulima wa kahawa Mbozi au wa kakao Kyela analipwa kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa msimu. Akiingiza milioni 6 kwa mwaka, wastani wake ni 500,000 kwa mwezi, sawa na wafanyakazi wengi tu. Lakini stetimenti inaonyesha milioni 6 mwezi mmoja, siku mbili baadaye imetolewa yote, kisha miezi kumi na moja ya ukimya. Afisa anayesoma ukurasa huo haoni wastani wowote.

Dawa yake ni kubadilisha jinsi hela inavyokaa. Malipo ya msimu yakiingia, yaache kwenye akaunti na uchukue kwa mwezi kiasi unachotumia. Nguvu iko kwenye salio la chini kabisa: akaunti ambayo haijawahi kushuka chini ya laki mbili kwa miezi sita ina uzito kuliko iliyopitisha milioni ishirini ikirudi sifuri kila wiki. Kama unauza viazi Uyole au nguo Kabwe, tumia lipa namba iliyounganishwa na akaunti ya benki, au kila Jumatatu hamisha mauzo ya simu kwenda benki. Hela inayoishia kwenye simu haimo kwenye stetimenti ya benki, labda ulete na ya simu pia.

Usizungushe hela ya kudanganya. Wapo wanaoweka milioni moja asubuhi, wanaitoa jioni, wanairudisha kesho, ili mzunguko uonekane mkubwa. Afisa anaona kiasi kilekile kikiingia na kutoka, bila malipo ya mzigo, bila umeme, bila mteja hata mmoja. Ombi linakufa na jina lako linabaki na alama kichwani mwake.

Andaa stetimenti ya miezi sita hadi kumi na miwili, TIN, leseni ya biashara iliyo hai na risiti za kodi ya mwaka huu. Mauzo unayoyataja yalingane na unayoyaonyesha TRA. Ukisema unauza milioni 8 kwa mwezi wakati umekadiriwa kwa mauzo ya milioni 8 kwa mwaka, umejifunga mwenyewe.

Hatua ya 5: kadi inayolindwa na amana

Kwa asiye na slipu, mwenye rekodi changa, au aliyewahi kuteleza akalipa, njia iliyo wazi kuliko zote ni hii. Unafungua amana ya muda maalumu, unasaini barua ya kuiweka dhamana, benki inakupa kadi yenye kikomo kilicho sawa na amana au chini yake. Benki haina cha kukisia. Ukishindwa kulipa inachukua kilicho mkononi mwake. Ndiyo sababu maswali huwa machache na jibu huja mapema.

Tuseme benki inatoa 80% ya amana. Ukiweka 1,000,000 unapata kikomo cha 800,000. Amana inaendelea kuzaa riba, na kwenye riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya 10%. Lakini pesa imefungwa: huwezi kuitoa hadi kadi ifungwe na deni liishe. Kwa hiyo usiweke hela ya mbolea au ya karo. Weka ile ambayo hata mvua zikichelewa hutaigusa.

Kabla ya kusaini uliza mambo haya, na majibu yaandikwe. Kiwango cha chini cha amana ni kipi? Muda ukiisha, inajiendeleza yenyewe? Malipo yakichelewa, benki inasubiri siku ngapi kabla ya kuigusa amana? Na baada ya miezi mingapi ya kulipa vizuri naweza kuombea kadi isiyo na amana? Benki isiyo na jibu la swali la mwisho itakuacha umefungwa hapo miaka. Kwangu mimi hilo linapima kadi ya mwanzo kuliko rangi yake au zawadi zake.

Hatua ya 6: mezani kwa afisa mikopo

Nenda katikati ya mwezi na katikati ya wiki; siku za mishahara hakuna mwenye muda nawe. Si kila tawi dogo lina anayezijua kadi za mkopo, kwa hiyo mtu wa Ilula au Mbalizi afadhali apige simu kwanza kabla ya kupoteza nauli ya kwenda mjini. Maneno ya kuanzia yanatosha haya: "Habari za kazi dada. Naomba kujua, kadi ya mkopo mnaitoa kwa amana, kwa mshahara au kwa biashara? Kikomo cha chini ni kiasi gani, na mteja kama mimi hukwama wapi?" Swali la mwisho ndilo lenye faida. Afisa anajua sababu mbili tatu zinazoangusha maombi ya tawi lake, na akiulizwa kwa heshima anazisema.

Kisha omba jedwali la gharama. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka uelezwe gharama zote kabla ya kusaini. Usiangalie riba peke yake. Kwenye kadi ndogo, ada ya mwaka ndiyo inayouma: ada ya 45,000 kwenye kikomo cha 300,000 ni 15% umeshalipa kabla hujanunua kitu. Uliza kama kodi imo kwenye ada hizo. Uliza pia makato ya kubadili fedha ukinunua kwa dola, na gharama ya kutoa taslimu.

Ukikataliwa, omba sababu. "Mfumo umekataa" si sababu. Uliza kama ni rekodi, kipato, nyaraka au sera ya benki. Nyaraka unazirekebisha ndani ya wiki. Rekodi inahitaji miezi. Sera, kwa mfano kwamba hawatoi kwa waliojiajiri bila amana, hairekebishwi na chochote utakachofanya, kwa hiyo badili ngazi au badili benki.

Ukishaipata

Elewa tarehe mbili: siku ya kufunga hesabu na siku ya mwisho ya kulipa. Tuseme hesabu inafungwa tarehe 25 na malipo mwisho tarehe 15. Ulinunua vitu vya 400,000 tarehe 5. Ukilipa 400,000 yote kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kadi yenye kipindi cha bure haikutozi riba. Ukilipa kiwango cha chini cha 40,000 pekee, 360,000 inabaki, na kwa riba ya mfano ya 3% kwa mwezi ni 10,800 kwa mwezi huo. Benki nyingine huhesabu tangu siku uliyonunua. Mshahara ukiingia baada ya siku ya mwisho, omba tarehe ibadilishwe mapema, kabla hujachelewa hata mara moja.

Usitoe taslimu kwa kadi ya mkopo. Kutoa kuna ada yake, na riba kwa kawaida huanza siku ileile bila kipindi cha bure. Tumia chini ya theluthi ya kikomo, lipa yote, fanya hivyo miezi sita mfululizo, ndipo urudi kuomba kikomo kikubwa au kuachiwa amana.

Tatizo likitokea, andika malalamiko kwa benki na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasiposhughulikia, peleka Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Na siku ukiifunga kadi, kuikata kwa mkasi hakutoshi, kwa sababu ada ya mwaka itaendelea kuingia kama deni. Andika barua ya kufunga, lipa salio la mwisho, chukua barua ya kutodaiwa, na kama uliweka amana, usiondoke tawini bila karatasi inayoonyesha kwamba dhamana imeondolewa.